Siku Tano za Haroun

Safari ya Lamu ilianzia kwenye simu ya Valentine. Mwezi wa tatu msichana huyo, kitinda mimba wa Kageha wa Kawangware, alimpigia mama yake akamwambia kwamba nyumba ya wageni anakofanya kazi ya upishi kule kisiwani itakuwa tupu siku chache za mwezi wa kumi na moja. Mwenye nyumba anasafiri, wageni hakuna, na amekubali mpishi wake alete watu wake wakae chumba cha chini, chenye vitanda viwili, mradi wawe wameondoka Jumatatu tarehe ishirini na nne. Jumanne yake wageni wengine wanaingia.

Kageha hakukaa na habari hiyo hata nusu saa. Alifunika cherehani, akafunga kibanda, akatoka Kawangware mpaka Lindi, Kibera, kwa rafiki yake Sitelbanat. Hawa wawili walijuana Toi Market zaidi ya miaka ishirini iliyopita, Kageha akiuza mapazia ya mitumba, Sitelbanat akiuza chapati na maharagwe meza ya jirani. Kageha ni mtu wa Kanisa la Friends, hakosi ibada Jumapili hata mvua inyeshe vipi. Sitelbanat ni Mnubi, na hajaacha swala tangu alipofundishwa kuswali. Miaka yote hiyo hawajawahi kugombana juu ya Mungu. Walichogombania ni chumvi kwenye maharagwe.

"Mama Lukman," Kageha alisema kabla hata hajaketi, "wewe si ulisema utakufa bila kuona bahari? Sasa ngoja kwanza kufa."

Alipomaliza kueleza, Haroun, mume wa Sitelbanat, alitoa miwani yake akaipangusa kwa shati.

"Vitanda viwili," alisema. "Nyinyi wawili. Na mimi?"

"Wewe ni mwanamume, utajua mwenyewe," Kageha akamjibu.

"Nitalala msikitini. Hata ile mara ya kwanza nililala msikitini."

Ile mara ya kwanza kila mtu nyumbani aliijua. Haroun alikwenda Lamu akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na wenzake wa madrasa, kwa ajili ya Maulidi. Alikaa siku nne, na siku hizo nne zilimtosha kwa hadithi za karibu miaka arobaini. Njia za huko, alisema, ni nyembamba hata mtu wa dirisha hili anampa chumvi mtu wa dirisha lile. Magari hakuna, mizigo inabebwa na punda. Na hao punda, alisema, wana hospitali yao.

Hapo ndipo dada yake, Ruweida, alipokuwa akimkatiza kila mara. "Haroun, mwogope Mungu. Hapa Kibera mtu anapiga foleni tangu asubuhi mpaka adhuhuri hajaonana na daktari. Punda ndio wana hospitali?"

"Wallahi wanayo. Nimemwona punda kwa macho yangu, amefungwa bandeji mguuni."

"Alikuwa na kadi?"

Na wote walicheka, Haroun akiwa wa mwisho kunyamaza.

Jioni hiyo Haroun alichukua kalamu ya buluu akaiendea kalenda ya buchari, ya muuza nyama wa mtaani, iliyoning'inia karibu na mlango, ile yenye picha ya mbuzi wawili, akafunua mpaka mwezi wa kumi na moja. Akazungushia tarehe kumi na tisa mpaka ishirini na nne. Jumatano basi la Mombasa, alisema, Alhamisi basi la Mokowe na boti, jioni tuko Lamu. Ijumaa tunaswali huko. Akaacha kalenda ikiwa wazi mwezi huo, ingawa nje ulikuwa bado mwezi wa tatu, na mkewe akaifunga, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kushika jambo kabla halijafika.

Miezi iliyofuata walipanga kidogo kidogo. Kageha alishona magauni mawili marefu ya kitambaa kizito, ya kuingilia baharini, yasiyoshikana na mwili yakilowa. Waliyajaribu kwenye karai la kufulia huko nyuma, wakimwagiana maji, wapangaji wao wa vyumba vya nyuma wakichungulia. Sitelbanat alianza kusuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi nyingi ambacho bibi yake alimfundisha kusuka, ili ampelekee Valentine. Haroun alikuwa akiwasikiliza tu, na kuwasahihisha: chukueni viatu vya kuvuka matope, msichukue koti, nani anachukua koti Lamu?

Ijumaa ya tarehe kumi na moja mwezi wa saba alirudi kutoka swala ya alfajiri, akavua viatu mlangoni, akasema kifua kinambana, akaketi. Hakusimama tena. Mwana wao, Lukman, ambaye ni fundi wa stima na anakaa Soweto East, alipofika na gari la kuazima, baba yake alikuwa ametangulia. Walimzika siku hiyo hiyo baada ya swala ya Ijumaa. Sitelbanat alikuwa amefunga. Ilikuwa ya tatu katika zile siku nyeupe anazofunga kila mwezi, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano za mwezi mwandamo, mwezi unapokuwa umejaa angani. Jua lilikuwa limeshatua kitambo ndipo mtu mmoja alipokumbuka kumpa maji.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa jambo lisiloepukika, hajipaki hina wala manukato, havai dhahabu, halali nje ya nyumba ya mumewe, na safari ya matembezi ndiyo haifikiriwi kabisa. Sitelbanat hakuona uzito kwa hayo. Alishusha godoro akalitandika sakafuni, kwa kuwa kitanda kilikuwa kimemshinda, na akakaa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Ruweida alichukua kalamu nyekundu akaiendea kalenda ya buchari. Akahesabu kwa kidole, mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, kisha siku kumi. Akatia msalaba mwekundu Ijumaa tarehe ishirini na moja. Msalaba ulianguka katikati ya duara ya buluu ya Haroun. Watu watatu waliokuwa chumbani waliuona.

Kutoka siku hiyo Ruweida alikuja kila siku. Yeye pia ni mjane, wa miaka tisa sasa, watoto wako Qatar, na anakaa peke yake chumba cha kupanga Kianda. Saa nne kamili alikuwa mlangoni, amevua viatu, akimwangalia wifi yake kutoka kichwani mpaka miguuni kuona kama kuna wanja au pete. Alipokea wageni, aliwajibu wapangaji, alitoka kwenda dukani ili mwenye eda asilazimike kutoka. Adhuhuri alikula. Baada ya alasiri alivaa viatu akarudi Kianda. Majirani walisema Ruweida ni mkali kama askari jela. Sitelbanat alimtazama tu. Aliona kwamba askari huyu alikuwa anakwangua sufuria la wali mpaka chini kwa kijiko, na kwamba alikuwa akikaa kwenye kiti cha Haroun, kile cha karibu na dirisha.

Mwezi wa tisa Kageha alikuja, akafunua kalenda mwenyewe, akaangalia msalaba na duara.

"Basi huendi," alisema.

"Siendi."

"Na tukiondoka Jumamosi, siku ya pili yake?"

"Utafika Jumapili jioni, Jumatatu unafukuzwa. Siku mbili barabarani uende ukaone usiku mmoja?"

Kageha alitoa leso akapenga kamasi. "Basi na mimi siendi."

"Mama Valentine, usinitie dhambini. Mtoto wako hujamwona miaka miwili. Enda. Na hicho kitanda cha pili usikiache kitupu, tafuta mtu."

"Nikuletee nini?"

"Chumvi," Sitelbanat akasema. "Labda ya huko utajua kuipima."

Kageha akacheka huku analia. Ruweida alikuwa kwenye kiti cha dirishani anachagua mchele. Hakuinua uso.

Sasa ikawa Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Sitelbanat alikuwa amefunga tena, siku ya tatu ya siku nyeupe, na Ruweida ameshakwenda zake. Adhana ya magharibi ilimkuta uani na kikombe cha maji na tende tatu. Mwezi ulikuwa unatoka juu ya mabati ya jirani, mviringo kabisa. Akala tende ya kwanza, na mawazo yakaenda kule yanakokwenda kila anapofungua: siku kama hii Haroun alikuwa amelala ndani, amefunikwa. Ilikuwa siku ya tatu, na leo ni siku ya tatu.

Akaweka kikombe chini.

Alihesabu kwa vidole. Funga ya kwanza baada ya mazishi ilikuwa wakati wa baridi kali, Lukman alipomletea jiko la pili. Ya pili, mvua ilivuja juu ya kabati. Ya tatu, Kageha alileta ndizi. Ya nne ni hii. Miezi minne ilikuwa imetimia jioni hiyo hiyo, hapo uani, mwezi ukiwa ushahidi. Zilibaki siku kumi. Siku kumi kutoka Alhamisi ni Jumapili ya tarehe kumi na sita. Kalenda ya buchari ilisema Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Na basi lilikuwa la Jumatano, tarehe kumi na tisa.

Sitelbanat aliishia darasa la saba, lakini hesabu ya kujumlisha haikuwahi kumshinda. Kilichomshinda kilikuwa kuiamini. Mtu anayetaka kitu sana, alijiambia, huona njia hata palipo na ukuta. Je, kama mwezi ungekuwa unaongeza siku tano badala ya kupunguza, angekaa hapa na vidole vyake anahesabu? Aliingia ndani akaswali, akaomba aonyeshwe kama anayehesabu ni yeye au ni bahari. Kisha akanyamaza. Alinyamaza siku tisa nzima. Alimpikia Ruweida, alisuka tabaga, alimaliza ukingo wake wa kijani, na kila usiku mwezi ulizidi kumegeka.

Siku ya tisa, ambayo ilikuwa Jumamosi, Lukman alikuja kumsalimia. Ruweida alikuwa nje kwa muuza sukuma. Mama yake akamketisha.

"Nenda kwa imamu. Mwulize, mwanamke aliyefiwa na mumewe, miezi minne ya eda inahesabiwa kwa mwezi upi, huu wa ukutani au ule wa angani."

"Poa. Nimwambie ni juu ya Lamu?"

"Usitaje Lamu."

"Lakini mathe, Lamu ndiyo stori yenyewe."

"Ndiyo sababu usiitaje. Ukimwambia mama anataka kuona bahari, atanihurumia. Mimi sitaki jibu la huruma. Nataka jibu."

Lukman alikwenda. Baada ya dakika ishirini simu ikalia. "Anauliza baba alikufa tarehe ngapi ya mwandamo."

"Kumi na tano, Muharram."

Lukman aliporudi, Ruweida alikuwa ndani tayari, anakata sukuma kwenye sinia mapajani. Lukman alisimama mlangoni, akamwangalia mama, akamwangalia shangazi.

"Sema," mama yake akamwambia. "Shangazi yako si mgeni."

"Imamu anasema eda haiendi na kalenda ya buchari. Mwezi ni wa kuandama. Anasema kesho jua likizama umemaliza. Ukitaka kujihadhari, ongeza siku moja, mwisho Jumatatu jioni. Zaidi ya hapo ni kujitwisha ambacho Mungu hakukutwisha."

Kisu cha Ruweida kilisimama.

"Yaani," alisema polepole, "kaka yangu ananyang'anywa siku tano."

Hilo ndilo neno Sitelbanat alilokuwa analikimbia siku tisa. Alikuwa amefikiri jibu likija atafurahi. Sasa lilikuwa limekuja, na alichoona ni kwamba badala ya siku sita za kukaa na Haroun, za kulala sakafuni karibu na kitanda chake, zilikuwa zimebaki saa za kuhesabika.

"Wifi, mimi nilijua tangu Alhamisi ile ya juzi," alisema. "Nilihesabu kwa funga zangu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Niliogopa ni bahari inayohesabu."

Ruweida aliendelea kukata sukuma, nyembamba, nyembamba sana, mpaka ikawa kama nyuzi. Lukman alianza kusema, "Shangazi, si makosa yako, hata mimi nilidhani—"

"Nyamaza wewe," Ruweida akamwambia. "Na mimi nilijua."

Lukman akaketi kizingitini.

"Mwezi wa tisa, redioni," Ruweida alisema bila kuinua uso. "Maalimu mmoja alikuwa anajibu maswali. Akaulizwa swali hili hili, akajibu hivi hivi. Nilikuwa nakunywa chai. Nikasema, siku tano hazimuumizi mtu."

"Mwezi wa tisa," Sitelbanat alisema. "Kabla Kageha hajaja hapa akalia, au baada?"

"Kabla."

Sitelbanat hakupaza sauti. Hajawahi kuwa mtu wa kupaza sauti. Lakini alinyanyuka, akachukua ile sinia ya sukuma kutoka mapajani mwa wifi yake, akaenda nayo jikoni, na huko akasimama ameshika meza kwa mikono miwili. Alikuwa na hasira aliyokuwa hajaionja tangu wakati wa Toi. Mwanamke huyu alikuwa amemchunguza kucha kila siku, kama kuna hina. Alikuwa amemkataza hata sabuni yenye harufu. Na jambo lenyewe, lile kubwa, akalikalia.

Lukman alimfuata. "Mama, huyu amekukosea. Nimwambie aende?"

"Aende wapi?"

Sitelbanat akasikia swali lake mwenyewe. Aende wapi? Kianda, kwenye chumba chenye kitanda na redio. Eda ikiisha, wageni wanaisha, sufuria kubwa linarudi juu ya kabati, na mtu hawezi kuja kila siku saa nne kwa mjane ambaye si mjane wa eda tena. Ataambiwa anafuata chakula. Aliyezikwa Ijumaa ile alikuwa mume wa mmoja, na alikuwa kaka wa mwingine, na huyo wa pili hakuna aliyemwekea siku zozote za kukaa.

Aliosha sukuma, akaibandika. Aliporudi chumbani Ruweida alikuwa amevaa kiatu kimoja.

"Vua," Sitelbanat alimwambia. "Chakula kinaiva. Lakini sikiliza. Umenikosea, na sijamaliza kukukasirikia."

"Najua."

"Hiyo siku moja ya kujihadhari nitaiongeza. Ni ya Haroun. Hizo nyingine nne si zangu wala si zako, hatuwezi kumpa."

Ruweida alivua kiatu. "Nimeshaalika watu dua ya Ijumaa," alisema kwa sauti ndogo. "Watu arobaini. Na mbuzi nimeagiza."

"Una simu. Waambie Jumatatu magharibi."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli, kwamba kalenda ilikuwa ya buchari."

Lukman alicheka kwanza. Ruweida alijizuia, akashindwa. Ikabidi ajifunike uso kwa mtandio, na haikujulikana huko chini anacheka au analia.

Jumatatu jioni dua ikasomwa. Waliokuja hawakufika arobaini, walikuja ishirini na kitu, lakini mbuzi akatosha vizuri zaidi. Ruweida mwenyewe alimwogesha wifi yake, akamfukizia udi, akamvisha gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi, mpya ya maua ya zambarau aliyokuwa ameinunua kimya kimya na kuificha Kianda. Usiku huo Sitelbanat alirudisha godoro kitandani. Hakulala vizuri, lakini alilala.

Jumanne asubuhi alitoka. Kageha hakuwa na habari. Sitelbanat alikuwa amekataza mtu yeyote kumpigia simu, kwa kuwa jambo la namna hii alitaka kulisema uso kwa uso. Alikusudia kwenda kwa miguu mpaka Kawangware, kumshukuru Mungu kwa miguu hiyo. Alipofika Ngong Road miguu ikamweleza ukweli juu ya miezi minne ya kukaa, akasimamisha boda.

Kibanda cha Kageha kiko karibu na steji, Kawangware 46, kati ya muuza viazi na fundi wa redio. Alipokaribia alisikia sauti ya mwanamke mwingine.

"Mimi nauliza tu, Dada Kageha. Papa wanakuja mpaka pale watu wanakanyaga, ama wanabaki ndani?"

"Magdaline, wewe hata mto wa kwenu hujavuka, papa atakujulia wapi?"

Sitelbanat akachungulia. Mwanamke mnene wa makamo alikuwa amesimama mbele ya kioo, amevaa kofia pana ya majani yenye utepe wa manjano. Kageha alikuwa kwenye cherehani akipindua pindo la gauni la baharini, lile la pili. Lile la Sitelbanat.

Kageha aliinua macho. Mguu wake ukabaki juu ya pedali, cherehani ikakimbia peke yake mpaka uzi ukakatika.

"Mama Lukman. Umetoroka?"

"Sijatoroka. Nimemaliza."

Akamweleza. Alieleza yote: funga, imamu, siku tano. Sehemu ya redio hakuieleza, kwa sababu hiyo ilikuwa ya nyumbani. Kageha alimsikiliza mpaka mwisho, akasimama, akamkumbatia, kisha akamwachia ghafla. Akaangalia gauni lililokuwa mezani. Akaangalia kofia.

"Huyu ni Magdaline wa kwaya," alisema. "Ulinituma nitafute mtu."

"Nilikutuma," Sitelbanat alisema.

Magdaline alielewa kabla ya kuambiwa. Alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono yote miwili. "Mimi ni mtu wa kuongezwa tu," alisema. "Mwenye safari amekuja. Kofia nitavaa hata kanisani." Lakini sauti ilimkauka katikati, na ilionekana kwamba kwaya nzima ilikuwa imeshaambiwa juu ya Lamu.

Sitelbanat alimwangalia. Mara tatu katika mwaka huu alikuwa ameona mtu anaachilia safari hiyo kwa heshima: Haroun bila kupenda, yeye mwenyewe, na sasa huyu. Aliona inatosha.

"Dada, kofia vaa tu," alisema. "Tangu mwanzo tulikuwa watu watatu."

"Vitanda viwili," Kageha akamkumbusha. "Haroun alikuwa alale msikitini. Wewe utalala msikitini?"

"Mimi nimelala sakafuni miezi minne na siku kumi na moja. Nipe mkeka. Nitakuwa wa kwanza kusinzia."

Kageha alimpigia Valentine papo hapo, simu ikiwa na sauti ya wazi. Valentine akasema, "Mama, watatu ni sawa. Lakini mjipikie wenyewe. Na huyo mwenye chumvi nyingi asiguse sufuria."

"Ni yeye huyo!" wote wawili walisema pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Magdaline, asiyejua ugomvi huo umeanza lini, akacheka nao hivyo hivyo.

Gauni halikumwingia Magdaline. Kageha alisema atamshonea jingine mchana huo, na Sitelbanat akabaki kumkatia nyuzi mpaka alasiri.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, begi lilikuwa mlangoni na tabaga imefungwa juu yake kwa kamba. Lukman alikuwa nje anaongea na mwenye teksi. Sitelbanat alikuwa anafunga dirisha alipoona viatu vya Ruweida kizingitini. Hakuwahi kufika kabla ya saa nne. Alikuwa ametembea kutoka Kianda kabla ya kupambazuka vizuri.

"Nimekuja kuaga," Ruweida alisema, na hakuingia. Hakuwa amekaribishwa, na sasa aliona kwamba anahitaji kukaribishwa.

Sitelbanat alichomoa ufunguo kutoka kwenye pete, akampa. "Wapangaji wa nyuma wakisumbua juu ya maji, wewe ndiwe wa kuwajibu. Unga uko kwenye ndoo. Nyama ya Jumatatu iko kwa friji ya jirani, iishe kabla haijaharibika."

"Mpaka utakaporudi?"

"Hata nikirudi ukae nao. Nimechongesha mwingine. Lakini hiyo sufuria ndogo acha kuikwaruza, pikia ile kubwa."

Ruweida aliufunga ufunguo kwenye pindo la mtandio wake, mafundo mawili. Sitelbanat alikuwa ameshapita, begi mkononi, Ruweida alipomwita.

"Wifi."

"Sema, tunachelewa."

"Hiyo hospitali ya punda. Uende ukaiangalie."

"Nitaiangalia."

"Kama ipo, nipigie hapo hapo, hata kama ni wakati wa swala." Ruweida akatazama ndani, kwenye kiti cha dirishani. "Kama haipo, usinipigie."

Teksi ikapiga honi. Sitelbanat akaingia. Alipogeuka kuangalia nyuma, Ruweida alikuwa ameshavua viatu na ameshika ufagio.